Mtepe wa kamba, jahazi la plastiki: Nani atarithi ufundi wa Lamu?

*Mmoja ulishonwa kwa nyuzi za makumbi na kubeba boriti kwa vizazi kabla ya kutoweka. Lingine limeundwa kwa taka zilizookotwa ufukweni. Vyombo hivi viwili vya visiwa vya Lamu vinatofautiana kwa ukubwa, umri na malighafi, lakini hatima yao inategemea jambo lilelile.*

Septemba 15, 2018, watu wa Lamu waliteremka ufukweni kushuhudia kushushwa majini kwa chombo ambacho hata wazee wao hawakuwahi kuona mfano wake. Umbo lilikuwa la jahazi: mkuku, mataruma, mlingoti, foromali na tanga la pembetatu. Lakini kiunzi na mbao zake zilikuwa za plastiki, na ubavu wake ulivikwa vipande vya kandambili vya bluu, kijani, njano, waridi na nyekundu.

Jahazi hilo linaitwa Flipflopi. Lina urefu wa karibu mita 9 na uzito wa tani 7. Ili kuliunda, zaidi ya tani 10 za taka za plastiki zilikusanywa katika fukwe na mitaa ya Kenya, pamoja na kandambili zipatazo 30,000.

Zamani, fukwe za visiwa hivyohivyo zilikuwa karakana ya chombo kingine kilichowashangaza wageni. Mtepe mkubwa ulikuwa na urefu wa kama mara mbili ya Flipflopi, ulibeba mzigo wa tani zipatazo 20, na haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na leo hakuna hata mmoja wa asili uliobaki. Anayetaka kujua umbo lake mara nyingi huutazama mfano mdogo kwenye kabati la makumbusho.

Ukiviweka vyombo hivi ubavu kwa ubavu, unaona jambo ambalo vipimo vya urefu na uzito havilisemi. Chombo cha baharini hufa pale mikono inayokihudumia inapokosa ujira, hata kama chenyewe bado kinaelea vizuri. Mtepe ulikufa hivyo. Mafundi wa majahazi wa leo, walioshika tezo na keekee zao mjini Lamu na katika kijiji cha Matondoni, wako njiani kuelekea hukohuko kama hakuna atakayewaagiza kazi.

Kushona badala ya kupigilia

Vyombo vya kushonwa vilionekana mapema sana katika pwani hii. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Erythraea, unautaja mji wa biashara wa Rhapta, mbali kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na kuuhusisha na mashua za kushonwa zilizokuwa huko.

Katika karne ya 10, Al-Masudi, msafiri mzaliwa wa Baghdad aliyevuka bahari hii hadi kisiwa cha Qanbalu, alieleza kuwa mabaharia wa Bahari ya Hindi walishona vyombo vyao kwa sababu maji ya bahari hiyo huila misumari ya chuma. Mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipotia nanga Msumbiji, Wareno walikuta vyombo vikubwa visivyo na misumari, mbao zimeungwa kwa kamba na matanga ni ya mikeka.

Mtepe ulikuwa tawi la mwisho la ukoo huo kwa upande wetu wa bahari. Uliundwa hasa na Wabajuni, katika visiwa vya kaskazini mwa Lamu na maeneo ya kisiwa cha Pate kama Faza. Mtafiti Mwingereza James Hornell aliandika juu yake mwaka 1941, pamoja na juu ya ndugu yake, dau la mtepe, wakati kazi yenyewe ilikuwa imekwisha au iko ukingoni. Mdachi A.H.J. Prins aliifuatilia tena habari hiyo katika utafiti wake wa mabaharia wa Lamu, uliochapishwa kwa kitabu mwaka 1965. Bila kazi za watu kama hao, mengi ya yanayojulikana leo yangekuwa yamezikwa na wazee.

Kazi ya kuushona haikuwa ya haraka. Fundi alilaza mkuku, kisha akapandisha ubao mmoja baada ya mwingine, kingo zikiwa zimechongwa hadi zikakaana. Ndani ya kingo aliingiza vijiti vya mti ili ubao mmoja usiteleze juu ya mwenzake. Halafu akatoboa kwa keekee safu ya matundu juu na chini ya kiungo.

Hapo ndipo kamba ilipoingia. Juu ya kiungo, kwa ndani, lililazwa tita la nyuzi za makumbi. Kamba ilipita tundu la chini, ikalivuka tita, ikaingia tundu la juu, mtu mmoja akiwa ndani ya chombo na mwingine nje, wakivuta na kukaza hadi tita likaumana na mbao. Kisha tundu lilizibwa kwa kijiti ili kamba isilegee. Safari hiyo ya kamba ilirudiwa tangu omo hadi tezi, mstari kwa mstari, pande zote mbili. Mataruma yaliingizwa baadaye, ganda likiwa limekwisha kusimama, nayo yakafungwa kwa kamba vilevile.

> Mtepe mmoja uliwapa riziki wachonga mbao, wasokota kamba, wasuka mikeka na mabaharia kwa wakati mmoja.

Nyuma ya kila mshono kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuonekana. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope au mchanga wa pwani kwa miezi hadi yalainike, yakafukuliwa, yakapondwa kwa vigongo, nyuzi zikachambuliwa, zikaanikwa, zikasokotwa. Kazi hiyo hadi leo hufanywa na wanawake katika vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba. Tanga nalo lilikuwa la mraba, limesukwa kwa majani kama mkeka. Hivyo chombo kizima, toka mkuku hadi kilele cha mlingoti, kilitokana na miti, minazi na majani yaliyokuwa jirani.

Sura yake haikusahaulika. Omo lilijitokeza mbele kama shingo iliyonyooshwa, na masimulizi ya pwani huihusisha na shingo ya ngamia wa Mtume. Kila upande ulichorwa jicho, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi.

Nguvu yake kubwa ilikuwa kunyumbuka. Jahazi la misumari likigonga mwamba wa matumbawe hupasuka mahali lilipogongwa. Ganda la kushonwa lilipinda, likachukua pigo na kurudi. Kwa chombo kilichopakia boriti kwenye hori za mikoko, kikipwelewa maji yanapotoka na kuelea tena maji yanapojaa, hiyo ilikuwa faida ya kila siku.

Ila kunyumbuka huko kulikuwa na gharama. Mishono ilivuja. Baharia wa mtepe hakuweza kuisahau ngama, na upo wa kukumbia maji ulikuwa kifaa cha lazima safari nzima. Kamba nazo zilichakaa, zikahitaji kubadilishwa.

Kwa nini ulitoweka

Hakuna siku moja inayoweza kutajwa kuwa ndiyo siku mtepe ulipokufa. Ulisukumwa kidogokidogo.

Kwanza, msumari ulishuka bei. Chuma kilipopatikana kwa wingi madukani, fundi aliweza kuunganisha mataruma na mbao kwa muda mfupi kuliko kushona. Pili, tanga la pembetatu la jahazi lilimpa nahodha uwezo mkubwa zaidi wa kubisha. Tanga la mraba la mkeka lilifaa sana upepo ukitoka nyuma, yaani kushuka kusini na kaskazi na kupanda kaskazini na kusi. Nje ya majira hayo, jahazi lilikuwa na nafasi bora. Tatu, meli za mvuke zilichukua mizigo ya thamani, zikaviachia vyombo vya tanga mizigo mizito ya bei ndogo.

Boriti zilibaki, lakini zilihamia kwenye majahazi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi, na biashara iliyokuwa ikiyavusha majahazi ya Lamu hadi Arabuni ikakatika. Pigo hilo halikuukuta mtepe tena. Liliwakuta warithi wake.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kwamba mtepe haukushindwa na bahari. Njia zilikuwa zilezile, mawimbi yaleyale, na shehena ileile ya boriti iliendelea kusafirishwa. Kilichokatika ni mnyororo wa watu. Tanga la kitambaa lilipochukua nafasi ya mkeka, msukaji wa matanga alikosa kazi. Msumari ulipochukua nafasi ya mshono, msokotaji kamba na mshonaji wakakosa kazi. Baada ya kizazi kimoja au viwili, hata mtu mwenye fedha za kuagiza mtepe hakuwa na wa kumwagiza.

Ndiyo maana kuurudisha kulikuwa kugumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mwanahistoria Abdul Sheriff akiongoza uandaaji wa makumbusho ya Beit el Ajaib mjini Zanzibar, uliundwa upya mtepe wa ukubwa kamili, ukawekwa katikati ya jumba hilo. Kazi hiyo ilitegemea maandishi, picha, mifano midogo na mikono ya mafundi ambao ilibidi wajifunze walichokifahamu babu zao. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba lenyewe, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sayyid Barghash, iliporomoka wakati likikarabatiwa, watu wakapoteza maisha. Ajali ile ilionyesha jinsi kumbukumbu iliyowekwa mahali pamoja ilivyo katika hatari.

Oman nayo ilichukua njia yake. Mwaka 2010 chombo cha kushonwa chenye urefu wa mita 18 hivi, Jewel of Muscat, kilichoundwa kwa kufuata mabaki ya meli ya karne ya 9 iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia, kilisafiri kutoka Muscat hadi Singapore. Safari ile ya miezi kadhaa ilithibitisha mbele ya macho ya watu wa leo kwamba mbao zilizoungwa kwa kamba za makumbi zinaweza kuvuka bahari kuu.

Kutoka jalalani hadi mkukuni

Wazo la Flipflopi lilianza mwaka 2016. Ben Morison, mtu wa shughuli za utalii aliyezaliwa Kenya, alitaka kuonyesha kwamba plastiki inayotumika mara moja na kutupwa ni upotevu wa mali. Alijiunga na Ali Skanda, fundi mkuu wa majahazi kutoka Lamu, na Dipesh Pabari, ambaye baadaye aliuongoza mradi huo. Wakati huo Kenya ilikuwa inaelekea kupiga marufuku mifuko ya plastiki, hatua iliyoanza kutekelezwa Agosti 28, 2017.

Kwa Skanda na wenzake, swali halikuwa la kampeni. Lilikuwa la ufundi. Mti una nyuzi zinazokwenda upande mmoja, na fundi wa jahazi huzisoma kabla hajagusa tezo. Kwa ajili ya taruma hutafuta tawi lililojipinda lenyewe, ili nyuzi zifuate pindo la chombo na kulipa nguvu. Plastiki haina nyuzi za namna hiyo. Haina tawi lililojipinda. Taruma la plastiki hupata pindo lake ndani ya kalibu, na nguvu yake hutegemea kilichoyeyushwa ndani yake.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Plastiki ni za aina nyingi, na kila aina huyeyuka kwa joto lake. Chupa ya maji ya kunywa, kifuniko chake na dumu la mafuta ya kupikia si kitu kimoja. Zikichanganywa ovyo, ubao unaotoka huwa dhaifu au hukatika ghafla. Kwa hiyo taka zilichambuliwa, zikasafishwa, zikasagwa, zikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu kupata vipande vya mkuku, mataruma na mbao. Plastiki pia hutanuka juani kuliko mti na hupinda kirahisi zaidi inapobebeshwa uzito, jambo ambalo fundi lazima alitilie maanani anapopanga unene wa kila kipande.

Baada ya hapo, vifaa vilikuwa vilevile. Vipande vilichongwa, vikakatwa kwa msumeno, vikatobolewa na kuunganishwa kwa mbinu ambazo mafundi wa Lamu wamezitumia kwa mbao. Kandambili zilikatwa vipande na kubandikwa nje, kazi iliyolipa jahazi rangi zake zote.

Uchaguzi wa kandambili haukuwa wa urembo tu. Ndizo viatu vya watu wengi zaidi katika pwani hii, na ndizo zinazoonekana kila bahari inapotema taka. Nyingine huzaliwa hapahapa. Nyingine huletwa na mikondo kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

> Taruma la mti hukatwa kutoka tawi lililojipinda lenyewe. Taruma la plastiki hupata pindo lake ndani ya kalibu.

Vipimo kwa ufupi

*Enzi:* Mtepe ni wa ukoo wa vyombo vya kushonwa vinavyotajwa tangu karne ya 1, ukatoweka karne ya 20. Flipflopi ilishushwa majini mwaka 2018.

*Urefu:* Mitepe mikubwa ilikaribia mita 20. Flipflopi ni karibu mita 9.

*Malighafi:* Mbao, kamba za makumbi na vijiti kwa mtepe. Plastiki iliyorejelewa na kandambili kwa Flipflopi.

*Tanga:* Mraba la mkeka kwa mtepe. Pembetatu la kitambaa kwa Flipflopi.

*Kazi:* Mtepe ulibeba shehena, hasa boriti. Flipflopi hubeba ujumbe, abiria wachache na mafunzo.

Kaskazi ileile

Januari 2019, Flipflopi iling'oa nanga Lamu kuelekea kusini, safari ya kilomita 500 iliyofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Kaskazi ilikuwa ikivuma. Njia iliyofuatwa, ikipita Malindi, Watamu, Kilifi na Mombasa, ndiyo njia ambayo mitepe ilipita ikiwa na boriti za kuezekea nyumba za Mombasa na Unguja. Mwanzoni mwa Februari jahazi liliingia Zanzibar.

Kila lilipotia nanga, watoto wa shule walilipanda na kuligusa, viongozi walikutana na wanamabadiliko wa vijiji, na mijadala ya taka ilifanyika palepale ufukweni. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Victoria, likaanzia upande wa Kenya na kuzifikia Uganda na Tanzania, katika ziwa ambalo wavuvi wake nao wanaopoa chupa na mifuko pamoja na samaki.

Kama chombo cha kusafiria, Flipflopi imethibitisha kwamba inaweza kwenda. Kama chombo cha mzigo, haiwezi kulinganishwa na mtepe. Mtepe ulijilipia: nahodha alipakia, akauza, akagawa mapato na mabaharia wake, na faida ya mwaka mmoja ilinunua kamba za mwaka uliofuata. Flipflopi huendeshwa kwa michango, ufadhili na ushirikiano na mashirika. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya vyombo hivi viwili, na ndiyo inayoibua mabishano.

Mti, plastiki au faiba

Upande mmoja wapo wanaoliona jahazi la plastiki kuwa njia ya kuokoa ufundi wenyewe. Hoja yao ina msingi. Mbao za kuundia vyombo zimekuwa adimu na ghali, na magogo marefu ya mvule, mbambakofi na msaji hayapatikani kirahisi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, lakini mikoko hiyo ni kitalu cha samaki na ngao ya fukwe, na kuikata kunasimamiwa kwa vibali. Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote, wakataji wa mikoko wa Lamu walijikuta bila kipato. Plastiki, kwa upande mwingine, imejaa kila mahali. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2021 kuwa tani milioni 11 hivi huingia baharini kila mwaka.

Kwa mtazamo huu, kijana anayejifunza kuunda taruma la plastiki anajifunza pia kupima, kuchonga, kupanga mkuku na kusoma umbo la chombo. Malighafi imebadilika, ila jicho la fundi ni lilelile.

Upande wa pili wapo wenye wasiwasi, nao pia wanastahili kusikilizwa. Plastiki inayokaa juani na kusuguliwa na mchanga huchakaa, na chembe zake ndogo zinaweza kurudi kwenye bahari ileile iliyokusudiwa kuokolewa. Ubao uliozeeka huoza na kuwa udongo. Taruma la plastiki likivunjika baada ya miaka 20, lazima awepo wa kulichukua na kuliyeyusha tena, na mtambo wa kufanyia hivyo uwe karibu. Bila hivyo, linarudi kuwa taka.

Kuna pia hoja ya bei. Mvuvi wa Kizingitini au Kiunga anayetaka mashua hawezi kusubiri plastiki ichambuliwe na kumiminwa, wala hawezi kulipia utafiti. Huangalia nini kitamfikisha baharini kesho kwa fedha alizonazo.

Hapo ndipo anapoingia mshindani ambaye mjadala wa mti na plastiki mara nyingi humsahau: boti ya faiba yenye injini. Hutolewa kwenye kalibu moja, haihitaji kukalafatiwa kwa pamba na mafuta, na hupatikana tayari. Imeingia katika uvuvi na usafiri wa abiria kati ya Lamu, Shela, Manda na Pate. Kwa fundi wa jahazi, faiba ndiyo leo ilivyokuwa misumari kwa mshonaji wa mtepe. Fundi hapewi nafasi ya kushindana. Kazi inahama kimyakimya hadi siku moja anakuta hana mwagizaji.

Bahari yenyewe pia imebadilika. Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari ya Lamu, sehemu ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ilianza kupokea meli. Miaka mitatu kabla, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru maelfu ya wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi huo. Maeneo ya kina kifupi walikozoea kuvua kwa vyombo vidogo vya tanga yamechimbwa kupitisha meli kubwa. Anayesukumwa kwenda kuvua mbali zaidi huhitaji chombo kikubwa zaidi, na mara nyingi injini.

Mji wa urithi bila warithi?

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Heshima hiyo inahusu nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na vichochoro, lakini mji huo uliishi kwa vyombo. Kila mwaka tamasha la utamaduni huyakusanya majahazi kwa mashindano ya tanga, na watu hujaa ukingoni kuwashangilia manahodha wao. Mashindano hayo ni mazuri. Hata hivyo, jahazi la mashindano hushinda siku moja. Fundi anahitaji kazi ya mwaka mzima.

Watu wa Flipflopi wenyewe wanaonekana kulitambua hilo. Baada ya safari za mwanzo, mradi umeelekeza nguvu Lamu: kukusanya na kuchakata plastiki ya visiwani, ambako gari la taka halifiki na taka nyingi huishia kuchomwa au kutupwa, na kuwafundisha vijana uundaji wa vyombo. Wanakusudia pia kuunda jahazi kubwa zaidi, lenye urefu wa zaidi ya mita 20, litakaloweza kuvuka bahari kuu. Likikamilika litakuwa na urefu wa mtepe mkubwa, na litakuwa limehitaji mikono mingi kuliko lile la kwanza.

> Kwa fundi wa jahazi, faiba ndiyo leo ilivyokuwa misumari kwa mshonaji wa mtepe.

Historia ya mtepe inatoa vipimo vitatu vya kuupimia mradi huo, na mradi mwingine wowote wa kuokoa ufundi wa pwani.

Cha kwanza ni soko. Kaunti za pwani na idara za serikali hununua vyombo vya kuwapeleka wanafunzi shuleni, wagonjwa hospitalini na maofisa visiwani. Agizo hata la mashua chache kwa mwaka, za mti au za plastiki, kwa sharti kwamba ziundwe na mafundi wa Lamu wakiwa na wanafunzi wao, lingekuwa na uzito kuliko hotuba nyingi. Wenye hoteli wanaowapeleka wageni kutazama machweo kwa jahazi wangeweza kufanya vivyo hivyo.

Cha pili ni maandishi. Vipimo vya mtepe viliandikwa na wageni, kwa lugha zao, wakati kazi inakata roho. Vipimo vya jahazi, mashua na dau vingali hai katika vichwa vya mafundi waliopo. Viandikwe kwa Kiswahili, vichorwe, na vihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja: Lamu, Mombasa, Zanzibar, na katika vyuo vya ufundi ambako kijana wa useremala angeweza kuvifungua na kuvifanyia kazi.

Cha tatu ni ujira wa mwanafunzi. Ufundi wa jahazi hujifunzwa kwa kukaa na fundi miaka mingi. Zamani mwanafunzi alikuwa mtoto au mpwa wa fundi, akilishwa nyumbani kwake. Kijana wa leo ana njia nyingine: bodaboda, ujenzi, bandari mpya. Atakaa karakanani ikiwa kuna kitu cha kupeleka nyumbani mwisho wa wiki.

Mafanikio ya jahazi kubwa la plastiki, basi, hayatajulikana siku litakaposhushwa majini na kamera zikiwa tayari. Yatajulikana miaka kadhaa baadaye, kwa kuhesabu ni wangapi kati ya vijana walioliunda wameweza kusimamisha mkuku wa chombo kingine peke yao, kwa mteja aliyekilipia.